Nilivyoongeza wiki markup kwenye app ya zamu za Mama, nikamponza shemeji yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara, wa Python na hata wale wa PHP ambao bado tunawaombea.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha kwa sababu dada yangu ana simu, ana bando na ana muda. Yaliyobaki ni vile yalivyokuwa. Sina nguvu za kutunga, nimechoka.

Kwanza mnijue kidogo. Nauza laptop za mtumba Changamwe, kibanda chenye nafasi ya mimi na mteja mmoja mwembamba. Python nimejifunza humo humo kibandani, kwenye mashine ambazo hazijapata mnunuzi. Ikinunuliwa, nahamia nyingine. Kuna project zangu mbili ziliuzwa pamoja na laptop zake. Huenda mmoja wenu anazo, na kama zinafanya kazi, hongera, kwangu zilikataa.

Biashara hii imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili. Nikifungua mashine, skrubu nazihesabu zikitoka, nazihesabu zikirudi. Mteja akisema hii ina RAM ya nane, namwambia tuione. Shikeni hapo kwenye skrubu, tutarudi.

Haya.

Mama yetu ni mtu mzima sasa, ana presha na miguu humvimba. Tumezaliwa watatu. Mkubwa ni Dada Kadzo, yuko Miritini, ana hoteli yake ya wali na maharagwe pale malori yanapoegesha. Wa kati ni Kaka Safari, yuko Likoni na mkewe Mbeyu, ambaye ana duka la nguo za watoto. Mimi kitinda mimba, naishi Port Reitz.

Mama hataki kukaa kwa mtoto mmoja. Tulishambembeleza, akasema, "Nilizaa watatu, sikuzaa mmoja." Basi anazunguka. Mwezi huu Miritini, ujao Likoni, unaofuata kwangu. Halafu tunaanza tena.

Kila akihama, anayemtoa humkabidhi anayempokea. Dawa zake, kliniki yake, kanga zake, na majirani aliokosana nao ili usije ukamsalimisha nao kwa bahati mbaya.

Makabidhiano hayo tulikuwa tukiyafanya kwenye group la WhatsApp la familia. Mnazijua group za familia. Unaandika "Mama asipewe chumvi", kabla hujaweka simu chini imeshapandiwa na sala ya asubuhi, picha ya maua, harusi ya mtu tusiyemjua na video ya samaki mkubwa. Ukirudi kuitafuta ile chumvi, huioni tena.

Nikasema basi, nitajenga kitu.

Flask, SQLite, kurasa chache. Kila ukurasa una sehemu ya kusoma, na ukibonyeza Hariri unapata sanduku la kuandika na kitufe cha Hifadhi. Nikaiita Zamu. Maandishi yalikuwa plain kabisa, ulivyoandika ndivyo yalivyotokea. Haikuwa na sura, lakini haikuwa na uongo. Ikakaa miezi kadhaa hakuna aliyelalamika ila dada yangu, na yeye hulalamikia hata mvua ikinyesha polepole.

Taabu ilianza tulipotaka uzuri.

Jumamosi moja mchana Dada Kadzo akaniita Miritini. Nikamkuta jikoni, hoteli imejaa madereva. Ukutani ana ubao wake wa chaki, wa miaka yote, ambao wote tunaujua kwa moyo:

1. chai, mahamri
7. wali
2. ugali, samaki

Mtu mgeni anaweza kudhani ni orodha ya vyakula vitatu iliyoandikwa na mtu asiyejua kuhesabu. Sio. Ni saa. Saa moja asubuhi chai, saa saba mchana wali, saa mbili usiku ugali. Dada haandiki "saa", haandiki "asubuhi", anasema hakuna mwendawazimu wa kunywa chai ya mahamri saa moja usiku akitarajia wali saa saba za usiku. Sote nyumbani tumechukua mtindo huo huo. Namba, nukta, kitu. Hata Mbeyu, tangu aolewe, ameuzoea.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Karisa, hicho kitu chako kinafanana na karatasi ya mtihani."

"Kinafanya kazi lakini."

"Hata punda anafanya kazi. Mimi nimeweka nyota kwenye neno, nikitaka likolee, nyota zimekaa pale zinaniangalia. Kule WhatsApp nikiweka nyota neno linakolea."

"Sasa wataka nini?"

"Nataka maneno mazito. Nataka vichwa vya habari. Nataka nikigusa neno Kliniki linipeleke kwenye ukurasa wa kliniki. Nataka orodha iliyonyooka. Na rangi."

"Rangi hapana."

"Nyekundu peke yake."

"Nikikupa nyekundu, kesho Safari atataka rangi za timu yake. Nakupa maneno mazito na vichwa. Tumemaliza."

"Na orodha."

"Orodha ina kazi, dada."

"Ina kazi kushinda kukuogesha wewe ulipokuwa na tetekuwanga?"

Wakuu, bei ikifika hapo haina pa kushukia. Na dereva mmoja aliyekuwa akisubiri sahani yake akanimaliza kabisa. "Mpe hiyo orodha bwana, sisi tunataka kula."

Tukafunga hivyo. Maneno mazito, vichwa, viungo vya kurasa, orodha. Rangi nikaikwepa. Nikatoka pale najiona nimefanya biashara nzuri. Katika kazi yangu, ukiona umetoka unajisifu hivyo, rudi ukaiangalie tena ile mashine.

Kwa wasiojua, markup ya wiki ni alama tu. Unaandika == mbele na nyuma ya maneno, program inayafanya kichwa. Unaweka nyota, neno linakolea. Unaweka neno ndani ya mabano mraba mawili mawili, linakuwa kiungo cha ukurasa mwingine. Kazi ya program ni kusoma maandishi ya mtu na kuyageuza HTML kabla ya kuyaonyesha. Maandishi ya asili yanabaki kwenye database bila kuguswa. Hilo la mwisho pia mlishike.

Nikaandika renderer yangu mwenyewe, ya kufanya ugeuzaji huo. Function moja, inapita mstari baada ya mstari, na regex zake za kutambua alama. Kwanza na-escape kila kitu, yaani alama za HTML nazifanya maandishi ya kawaida, maana Safari aliwahi kuandika "presha ikiwa <" kitu fulani, na sikutaka alama zake ziingie kwenye ukurasa kama HTML. Baada ya ku-escape ndipo nageuza alama zangu, halafu kwenye template naweka |safe, kuiambia Flask isiyaguse tena. Kwa mpangilio huo tu. Ukiupindua umeacha mlango wazi.

EDIT: Kuna mkuu amenifuata PM kuniuliza kwa nini sikutumia library ya markdown iliyo tayari. Mkuu, swali zuri. Kwa sababu nilijiona. Lakini pia soma hadi mwisho, kwa kisa hiki library nyingi zingenifanyia jambo lile lile, tena kwa documentation nzuri.

Orodha ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote. Mstari ukianza na namba na nukta, ni orodha ya namba. Nikaukata ule mwanzo, namba na nukta nikatupa, kilichobaki nikakiweka ndani ya <li>, na zote nikazizungushia <ol>. Namba za nini wakati browser, ikiona orodha ya namba, inaweka zake kuanzia moja?

Nikajaribu. Nikaandika 1. unga, 2. sukari, 3. majani ya chai. Zikatoka zimenyooka kama wanafunzi wa paredi. Nikahesabu zilizoingia, nikahesabu zilizotoka. Sawa kwa sawa. Skrubu zote zimerudi.

Nikaweka kwenye server, nikatuma ujumbe kwa familia, Dada akajibu kwa mikono miwili ya kuomba na ua moja. Kutoka kwake, hiyo ni medali.

Mwezi huo Mama alikuwa Miritini. Alipokwenda kliniki, dawa zikabadilishwa. Nyeupe ya presha anywe asubuhi. Ya kutoa maji anywe baada ya chakula cha mchana. Njano, nayo ya presha, anywe usiku anapokwenda kulala. Kwenye vibahasha vya dawa iliandikwa tu kimoja kwa siku. Saa zake Dada aliambiwa kwa mdomo, na nesi akamsisitizia kwamba nyeupe na njano zisikaribiane.

Dada akaja nyumbani, akafungua Zamu, akabonyeza Hariri, akaandika kama anavyoandika maisha yake yote:

== Saa za dawa ==
1. nyeupe ya presha
7. ya kutoa maji
2. njano ya presha

Akahifadhi. Kwake yeye kazi ikaisha, maana dawa za mwezi ule alikuwa nazo kichwani.

Mwisho wa mwezi Mama akahamia Likoni. Dada akampeleka mpaka feri, Mbeyu akampokea ng'ambo. Wakasalimiana, wakaulizana watoto, mfuko wa dawa ukatoka mkono huu ukaingia mkono ule. "Saa zake ziko kwenye kile kitu cha Karisa," Dada akasema. "Sawa wifi," Mbeyu akasema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona Mama. Nikamkuta barazani, kanga begani, amenyong'onyea kidogo.

"Mama, shikamoo. Waonaje hali?"

"Marahaba mwanangu. Nipo. Ila nyie siku hizi mnaninywesha dawa kama mnawahi feri."

Nikacheka. Mbeyu akacheka. Mama hakucheka. Nikanywa chai yangu nikarudi zangu Port Reitz. Hicho kicheko nakilipia mpaka leo.

Siku mbili tatu baadaye, asubuhi, Mama aliinuka kwenye kiti aende bafuni, kizunguzungu kikamchukua, akaanguka. Mbeyu alikuwa anajitayarisha kwenda kufungua duka. Akamwita jirani, wakambeba, wakatafuta tuktuk mpaka hospitali. Kwa haraka ile hata simu yake aliiacha juu ya meza.

Shukrani kwa Mungu hakuvunjika. Paja lilivilia damu na mkono ukateguka. Lakini presha ilikuwa imeshuka mno, na nesi akataka kujua kwa nini.

Tulikuwa wote wanne kwenye korido. Mimi, Safari, Dada, Mbeyu. Nesi akauliza, "Dawa zake anakunywa saa ngapi?"

"Moja, mbili na tatu," Mbeyu akasema.

Dada akageuka polepole. "Unasema?"

"Saa moja nyeupe, saa mbili ya maji, saa tatu njano."

"Zote asubuhi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, wifi."

"Niliandika mimi! Niliandika moja, saba, mbili! Mbili ya usiku! Njano ni ya usiku!"

"Mimi nimesoma moja, mbili, tatu."

"Umesoma au umejisomea?" Dada akapandisha sauti. "Duka lako unafungua saa ngapi? Si saa tatu hiyo hiyo? Unammalizia mzee dawa zote asubuhi upate kwenda kuuza soksi!"

"Dada, hapa ni hospitali," Safari akasema.

"Najua ni hospitali! Nimeletwa na nani hapa?"

Mbeyu akanitazama mimi. Sio Safari, mimi. "Shemeji, wewe ndiye mwenye kile kitu. Hebu fungua uwaonyeshe."

Nikatoa simu. Sasa, wakuu, mimi kwa kuwa ndiye niliyekijenga, alama niliyohifadhi kwenye simu yangu inafungua ukurasa wa Hariri moja kwa moja. Huko ndiko nilikozoea. Nikafungua. Sanduku likaja na maneno ya Dada.

1. 7. 2.

Nikasoma. Nikasoma mara ya pili, kama kawaida yangu.

"Imeandikwa moja, saba, mbili," nikasema. Nikamgeuzia Mbeyu simu aone mwenyewe.

Akaangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa, shemeji." Akachukua kanga yake, akaingia ndani akamuaga Mama, akatoka hatukumwona tena siku hiyo.

Nesi akaniambia nikipata nafasi nimletee zile saa zimechapishwa vizuri kwa karatasi, abandike kwenye kadi ya Mama, yasirudi tena mambo haya. Nikasema nitaleta.

Mama alipotoka hospitali alipelekwa Miritini, na Dada akatoa hukumu kwenye group, katikati ya sala na maua: Mama harudi Likoni. Atazunguka kwa wanawe wa damu tu, Miritini na Port Reitz.

Mbeyu akatoka kwenye group.

Mama ndiye aliyeumia. Likoni ndiko anakokupenda kuliko kote, ingawa hawezi kukiri mbele ya Dada. Kule kuna wanawake wenzake wa kanisani, wazee kama yeye, wanaomjia alasiri wakaimba tenzi za zamani kwa sauti zilizopasuka na kuwasema wachungaji. Na ni Mbeyu anayewapikia chai. Nikimpigia simu Mama ananiambia neno moja. "Nilizaa watatu." Halafu ananipa Dada.

Nami nilikuwa na uhakika, ndilo linaloniuma. Nilimwonea huruma Mbeyu, lakini ile huruma ya mtu anayejua mwenzake amekosea. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Mara mbili.

Kliniki ya Mama ikakaribia, nikakumbuka karatasi ya nesi. Kibanda cha pili kutoka changu kuna kijana wa kuchapisha na kutoa kopi. Nikafikiri, nikichapisha ukurasa wa Hariri itatoka na masanduku na vitufe, aibu. Nikaenda kwenye ukurasa wa kusoma, ule mzuri, wenye vichwa vilivyonona. Ule niliouuza kwa dada yangu kwa bei ya tetekuwanga. Nikamtumia, akachapisha, akaniletea kibandani.

Nilikuwa nafunga kioo cha laptop ya mteja. Nikaipokea kwa mkono mmoja, nikaitupia jicho.

Saa za dawa
1. nyeupe ya presha
2. ya kutoa maji
3. njano ya presha

Nikaweka bisibisi chini.

Kwanza nikadhani kijana amekosea, kana kwamba printa inaweza kukosea kwa akili hivyo. Nikafungua simu, ukurasa wa kusoma. Moja, mbili, tatu. Nikabonyeza Hariri. Moja, saba, mbili. Nikarudi. Moja, mbili, tatu. Nilifanya hivyo mpaka mteja akaniuliza kama mashine yake imekufa.

"Haijafa," nikamwambia. "Ni mimi."

Mmeshaelewa, wakuu. Namba za Dada nilizitupa mimi, kwenye ule mstari wangu mmoja wa regex, na browser ikaweka zake kwa adabu zote. Ikahesabu moja, mbili, tatu, kama nilivyoiambia. Jaribio langu la unga na sukari lilipita kwa sababu niliandika namba ambazo browser ingeziandika hata nisingekuwepo. Nilihesabu skrubu. Sikuangalia kama zimerudi kwenye matundu yake.

Na Dada kila siku hufungua pale pa kuandika, kama mimi. Mbeyu kila siku hufungua pale pa kusoma, kama mtu yeyote mwenye akili. Wote wawili walisema kweli pale korido. Aliyesema uongo nilikuwa nimemshika mkononi, nikamleta kama shahidi.

Nikafunga kibanda mchana kweupe, mpaka majirani zangu wakadhani nimefiwa, nikaenda Likoni.

Mbeyu alikuwa dukani anakunja vifulana. Akaniona, akaendelea kukunja.

"Karibu shemeji. Wataka saizi gani?"

Nikamwekea karatasi juu ya meza, na simu pembeni yake, pale pa kuandika. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno ya kikompyuta, mpaka akaniinulia mkono.

"Kwa hivyo nilichosoma kilikuwepo."

"Kilikuwepo."

"Najua kilikuwepo." Akakunja fulana nyingine. "Siku ile nilipofika nyumbani niliangalia simu yangu. Moja, mbili, tatu. Iko vile vile."

"Mbona hukutuma picha? Mbona hukumwonyesha Safari?"

"Nimwonyeshe Safari, nimgombanishe na dada yake? Nilisema hawa ni damu moja, wamekubaliana. Huyu ndiye mwenye mtambo, anaweza kuandika atakalo. Nitashindana na mtambo?"

Nilitaka kusema pole, neno likawa dogo kuliko ile fulana ya mtoto mchanga.

"Saa za dawa za mama yangu mwenyewe sikuzikosea," akasema, "nije nikosee za huyu?" Mama yake Mbeyu aliuguzwa na Mbeyu mwenyewe mpaka akafariki, kabla Mbeyu hajaolewa.

Aliponisindikiza mlangoni akasema jambo moja tu. "Mwambie wifi. Lakini usimwambie kwa simu."

Nikapanda feri, nikaenda Miritini kwa miguu ya mtu aliyebeba jokofu. Dada alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia, nikamwonyesha, karatasi huku, simu huku.

"Kwa hivyo kuna mtu amenihesabia upya," akasema.

"Browser, dada."

"Huyo Browser ni wa mtaa gani, nikamfuate?"

"Mimi ndiye niliyemruhusu."

Akaendelea kupepeta. Makapi yakaruka, mchele ukarudi. Kisha akaweka ungo chini, akaniangalia kama siku zile akiniogesha tetekuwanga.

"Mimi nilimwambia anauza soksi," akasema. "Mbele ya watu."

Kutoka chumba cha ndani Mama, ambaye tulidhani amelala, akasema, "Niwekeeni kanga zangu kwenye mfuko."

Marekebisho yenyewe yalinichukua muda mfupi kuliko kuuza chaja. Nilizitoa kabisa orodha za namba kwenye renderer. Sasa mstari ukianza na namba, namba inabaki ilivyoandikwa na mkono wa mtu. Nyota zinakoleza, vichwa vinanona, viungo vinafungua. Namba haiguswi. Nikaandika na test zake, moja ni ubao wa Dada neno kwa neno: chai, wali, ugali. Ubao ukitoka na namba nyingine, test inafeli na hakuna kinachopanda kwenye server.

Kwenye feature aliyoipigania zaidi dada yangu, nimerudisha bidhaa.

Lakini jambo lililonifanya niandike uzi huu si test.

Mwezi ulipoisha tulimpeleka Mama Likoni. Mara hii Dada hakuishia feri, alivuka. Mbeyu akatoka mlangoni. Nikajiandaa kwa ugomvi, nikasimama karibu na mlango, nina uzoefu wa wateja.

"Hodi," Dada akasema.

"Karibu wifi."

"Starehe. Wambaje?"

"Njema. Watoto?"

"Wazima. Duka?"

"Duka liko."

"Nimesikia soksi zimeshuka bei."

Nikafunga macho. Mbeyu akasema, "Zimeshuka. Nikuwekee pea mbili, za mdomo wako?"

Dada akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Wakuu, sijawahi kusikia kicheko cha bei ghali kama kile.

Tukaingia. Mama akakaa kiti chake. Dada akatoa mfuko wa dawa lakini hakumpa Mbeyu. Akaushika mapajani.

"Wifi," akasema, "kabla sijakupa, nisomee."

"Nisome nini?"

"Kile kitu cha Karisa. Nisomee kwa simu yako, wewe, kwa sauti. Mimi nitakuwa nashika dawa."

Mbeyu akafungua simu. "Moja. Saa moja asubuhi, nyeupe ya presha." Dada akatoa kibahasha cha nyeupe akakiweka kwenye meza. "Saba. Saa saba mchana, ya kutoa maji." Kibahasha cha pili. "Mbili. Saa mbili usiku, njano, kisha alale."

"Abee," Dada akasema, kama anaitikia mkubwa wake. Mimi nimemjua dada yangu maisha yangu yote. Hakuna mtu mdogo kwake aliyewahi kuitikiwa abee.

Mbeyu akainama kwenye simu yake akasoma yote tena toka mwanzo, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Haya, mmesoma," Mama akasema. "Sasa nipeni chai, wenzangu wanakuja kuimba."

Tangu siku hiyo huo ndio utaratibu. Anayepokea Mama anasoma kwa sauti, anayemtoa anashika dawa. Zamu bado ipo, imepungua urembo, lakini hakuna anayeiamini peke yake. Mimi pia siiamini, na ni yangu.

Funzo nililobaki nalo, kwa mchoko huu nilio nao: ukiandika kitu kinachogeuza maneno ya watu, usikijaribu kwa maneno yako. Chukua waliyoandika wao, na mtindo wao wa ubaoni. Na mkigombana juu ya kilichoandikwa, usifungue pale pa kuandikia. Fungua anapofungua msomaji, kwenye simu yake, ukiwa umesimama upande wake. Siku ile kwenye korido ningefungua pale pa kusoma tu, ningeona.

Kibandani nimebandika ile karatasi ya moja, mbili, tatu, juu ya meza ya kufungulia mashine. Wateja huniuliza ni dawa za nani. Nasema ni zangu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye njia bora ya kushughulikia orodha za namba kwenye renderer aimwage. Mwenye kunicheka anicheke, nimeshachekwa na wataalamu. Na mwenye wifi au shemeji aliyewahi kumhukumu kwa ushahidi wa simu yake mwenyewe, ampigie kwanza, halafu ndio aje kucomment.